Kizibao cha Rasti

Harufu ya mafuta ya bunduki haifanani na mafuta mengine. Ya cherehani yana utamu kidogo, ya gari yana uzito wa lami, lakini haya yana ukali mwembamba kama ganda la chungwa lililoachwa juani, na nyuma ya ukali huo kuna chuma. Mwezi uliopita nilikuwa gereji ya nyumba ya wazazi wangu, Woodbury, Minnesota, nikitoa vitu vya kuuza kwa sababu mama anahamia nyumba ndogo isiyo na ngazi. Nilipewa mimi kazi hiyo kwa kuwa wadogo zangu wanasema nina roho ngumu. Si kweli. Nina duka la vitu vilivyotumika kule Phillips, na nimezoea kumtazama mtu usoni nikamtajia bei bila kupepesa. Hiyo si roho ngumu, ni kodi ya pango.

Mzungu mmoja alikuwa anaitaka meza ya ufundi ya baba. Tulikuwa katikati ya bei, yeye amepanda kidogo, mimi nimeshuka kidogo kwa adabu tu, nilipovuta droo ya chini kuhakikisha ni tupu. Nilikuwa nimeshaivuta mara moja, lakini mimi huhakikisha mara mbili. Mara hii ilifunguka hadi mwisho. Ndani kulikuwa na kipande cha shati la zamani la baba, kimeloa mafuta hadi kuwa cheusi, na chini yake kizibao cha mtoto cha rangi ya chungwa, kile cha wawindaji, chenye manyoya ya mbwa bado yamenasa kwenye kanda zake za kunata. Nikanyamaza. Yule Mzungu akadhani ni mbinu ya biashara, akaongeza bei.

Baba yangu alikuwa Mhehe wa Iringa. Alikuja Minnesota kusoma kemia, akabaki kupima maji katika maabara ya mji. Mtu wa vipimo. Hakuamini kitu kisichopimwa, na alichokipima alikipima tena. Tulianza maisha katika nyumba ya kupanga Phillips, ambako jirani wa juu akitembea tulijua amevaa viatu gani, kisha tukahamia Woodbury, kwenye nyumba iliyonukia rangi mpya na zulia. Mama, ambaye ni muuguzi, alifurahia jiko. Baba alifurahia gereji. Aliweka meza, akapigilia misumari ukutani, kila chombo na msumari wake, na akachora kwa kalamu umbo la kila chombo ili kikikosekana pengo lionekane.

Wazo la mbuzi lilikuwa lake pia. Watanzania tuliofahamiana tulichoka kununua mbuzi aliyegandishwa, mgumu kama tofali, kwa ajili ya harusi na Pasaka. Baba akamtafuta mkulima mmoja mzee, tuliyemwita Mzee Arne, mwenye shamba kusini mwa mji wa Savage, kupita mto na marundo ya chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani. Arne alikuwa na banda tupu, mke aliyekwisha kufariki, na mbwa. Alikuwa mtu wa maneno machache. Sifa yake ya juu kabisa ilikuwa kusema kitu "si kibaya sana". Baba alipomweleza kuhusu mbuzi, Arne alitazama banda, akatazama theluji, akasema wazo hilo si baya sana. Tukapata zizi.

Mbwa ndiye aliyenihusu mimi. Jina lake lilikuwa Rasti. Alikuwa na rangi ya kijivu iliyochanganyika na kahawia, miguu mirefu, na masikio yaliyosimama kama anasikiliza habari za nchi nyingine. Nyumbani mama hakutaka mbwa ndani, kwa hiyo mapenzi yangu yote ya mbwa niliyaweka akiba nikayapeleka Savage kila Jumamosi. Rasti aliujua mlio wa gari letu. Tulipokata kona ya barabara ya vumbi alikuwa tayari anakimbia kando ya uzio, na mimi tayari nimefungua mkanda.

Majira ya baridi yalipoanza kulegea, vitoto vya mbuzi vikaanza kupotea. Kwanza kimoja. Arne akasema ni koyote, yule binamu wa mbweha anayeishi huku, mwembamba, mjanja, anayechimba chini ya uzio kama mtu mwenye ufunguo. Baba akaimarisha uzio. Kikapotea kingine, na mama yake akalia siku nzima kwa sauti ambayo sikuipenda, kwa sababu ilifanana na ya mtu. Mbuzi wale walikuwa wa familia kadhaa, na baba ndiye aliyewashawishi wote. Kila aliyekutana naye kanisani alimsalimia, kisha akauliza mbuzi hawajambo. Nilimwona baba akianza kutoka kanisani kwa mlango wa pembeni.

Ndipo akaenda kununua bunduki, akanichukua mimi. Alichagua ile inayojipakia yenyewe kila ukifyatua, kwa sababu koyote huja wawili na huwezi kumwambia wa pili asubiri. Muuzaji akasema bei ni ile iliyoandikwa. Baba akamjibu kwa heshima kwamba anaikubali bei kabisa, hana ugomvi nayo, anachouliza ni bei hiyo inakuja na nini.

"Inakuja na bunduki," yule mtu akasema.

"Sawa. Na mkanda wa kubebea?"

Ukaja mkanda. Ikaja na mifuko yake, na pete za kushikia darubini. Baba akashukuru kwa kila kimoja kana kwamba ndicho cha mwisho. Halafu akaweka mkono begani kwangu.

"Na mtoto?"

"Mtoto amefanya nini?"

"Atakuja nami shambani. Avae nini?"

Muuzaji akainama chini ya kaunta, akatoka na kizibao kidogo cha rangi ya chungwa, akakitupa juu ya vitu vingine kama mtu anayelipa ili aachwe. Nje, baba akanieleza: "Rangi hii maana yake ni moja tu. Anayeivaa hapigwi." Nililiweka neno hilo kichwani. Yote niliyoyajua baadaye kuhusu biashara nilijifunza pale kaunta, na nashukuru, ingawa yule muuzaji pengine hashukuru.

Mama aliweka masharti marefu kuliko ya mahari. Bunduki katika sanduku la chuma lenye kufuli, risasi katika sanduku jingine chumba kingine, funguo asizozijua mtoto. Baba akakubali yote, akaongeza la kwake: haitaguswa kabla ya kukaguliwa mara mbili. Alinionyesha. Akachomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, akavuta bolti nyuma, akachungulia ndani, kisha akaingiza kidole kidogo pale risasi inapokaa. Halafu akafanya yote tena tangu mwanzo.

"Si umeshaona hamna kitu?" nikamuuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yangu. Nilikielewa Kiswahili chote cha kuagizwa, leta, funga, njoo ule, lakini kujibu nilijibu kwa lugha ya shule.

"Jicho huona linachotarajia," akasema. "Kidole hakina matarajio."

Jumamosi moja yote ilikwenda kwenye kuifunga darubini. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mlango wa gereji umefunguka kidogo, maji ya theluji yakidondoka nje. Baba alikaza skrubu kwa zamu, upande huu kidogo, upande ule kidogo, kama anavyokaza nati za gurudumu, maana ukikaza moja hadi mwisho kitu chote kinapinda. Alining'iniza uzi wenye nati ukutani, akasubiri uache kucheza, akalinganisha mstari wa ndani ya darubini na uzi ule. Alifumba macho, akaweka kitako begani, akayafumbua, na kama hakuona duara zima aliisogeza darubini unywele mmoja akaanza upya. Kitambaa cha shati kilipita kwenye chuma, na ile harufu ikajaa. Hata leo nikiinusa nahisi nimekaa juu ya ndoo, salama, na mtu fulani yuko makini kwa niaba yangu.

Ndipo akaingia Anko Ngonyani. Huyu alikuwa rafiki mkubwa wa baba, Mngoni wa Songea, mkazi wa Savage, dereva wa lori la chumvi, mwili mkubwa, sauti ya kuitisha kivuko. Alisimama mlangoni, akaiona bunduki mezani, akashika kichwa, akamsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, Mhehe! Kumbe yamefika huku? Umechoka kununua nyama dukani? Ngoja nikawaonye watu wa Woodbury wafunge mbwa wao ndani."

Baba hakuinua macho. "Karibu, Mngoni. Nikimaliza hii nakutengenezea na wewe mtego wa panya. Naona umekonda, tangu Songea hujala vizuri."

"Mimi nitakula panya, lakini panya hana jina. Wewe unakula kitu ambacho jana ulikiita kikaja."

Mama alicheka jikoni hadi akaweka kitu chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka kumi, nimezaliwa Minneapolis, na sikuwa nimeambiwa na mtu yeyote kwamba Mngoni na Mhehe ni watani, kwamba wana kibali cha kutukanana walichorithi kwa mababu, na kwamba mzaha wa mbwa ni wa zamani kuliko baba mwenyewe. Nilisikia maneno kama yalivyo. Watu wa baba wanakula mbwa. Anko anasema, baba hakatai, mama anacheka.

Mtoto akishapata shaka, ushahidi huja wenyewe. Katika friza yetu kulikuwa na nyama isiyo na maandishi. Baba alimpenda Rasti kwa namna iliyoanza kunitisha. Alimtupia mifupa na kumwambia Arne kwamba mbwa huyu amenenepa. Kisha, Jumamosi iliyofuata, baada ya kutoka kwenye uwanja wa shabaha ambako baba alipiga, akatazama karatasi, akageuza kitasa cha darubini kidogo, akapiga tena hadi matundu yakakaa pamoja kama marafiki, tulikwenda shambani. Baba akatoa futi ya kamba mfukoni, akamwita Rasti, akampima.

Alimpima kuanzia chini hadi begani. Akampima kuanzia pua hadi mwanzo wa mkia. Akaupima mkia. Akampima tena yote. Rasti alisimama kwa furaha, akilamba futi.

"Unauza kwa futi au kwa kilo?" Anko Ngonyani akauliza, ameegemea uzio.

"Wewe subiri mkia," baba akasema. "Wageni ndio huanza kupewa."

Nilikwenda nyuma ya banda nikakaa juu ya mfuko wa chakula cha mbuzi. Nilikuwa nampenda baba yangu kuliko mtu yeyote duniani, na baba yangu alikuwa anapima nyama.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Shuleni wangemshitaki, na mama alikuwa upande wa wanaocheka. Nikafikiri kama mtoto wa mfanyabiashara, ingawa baba alikuwa mtu wa maabara. Siwezi kuizuia bunduki. Siwezi kumficha mbwa. Lakini nina kitu kimoja, tena cha bure, ambacho baba mwenyewe amesema kina maana moja tu.

Siku ya kuwinda tulifika kwa Arne alfajiri, baridi ya kutoa machozi, theluji ya mwisho imerundikwa kando ya zizi kama nguo chafu. Arne alikuwa ameahidi kumfungia Rasti kwenye kibaraza cha nyumba, nyuma ya mlango wa wavu. Baba na Anko walipokuwa wanashusha vitu, niliomba kwenda msalani. Nilipita kibarazani. Rasti alinipokea kwa mwili mzima. Nikavua kizibao, nikapitisha miguu yake ya mbele palipo pa mikono, nikakaza kanda za kunata tumboni. Kilimkaa vizuri kuliko mimi. Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sababu ilikuwa siri na Arne asingeielewa: "Usivue."

Juu ya banda kulikuwa na dari la majani makavu na dirisha linalotazama uzio, pale koyote walipozoea kuchimba. Baba alilala kifudifudi, bunduki imesimama kwa miguu yake miwili mbele, Anko kando yake na chupa ya chai ya tangawizi. Mimi nikajibanza nyuma. Baba akageuka.

"Kizibao chako kiko wapi?"

"Kuna mtu anakihitaji zaidi," nikasema.

Alinitazama. Kisha akavua kofia yake, ya rangi ile ile, akanivika kichwani hadi ikafunika nyusi, akarudi kulala, kichwa wazi katika baridi ile. Hakuuliza tena.

Tulisubiri. Mbuzi walikuwa wanahema chini yetu, joto lao likipanda pamoja na harufu yao. Nje kila kitu kilikuwa cha rangi moja. Rangi zenyewe zilikuwa hazijaamka. Halafu nyuma ya rundo la theluji, kando ya uzio, kikapita kitu. Masikio mawili yaliyosimama. Mgongo. Kikasimama, kikanusa pale pale penye shimo.

"Ndiye huyo," Anko akanong'ona. "Piga, Mhehe. Piga kabla hajaingia."

Baba alikuwa na jicho kwenye darubini. Niliona kidole chake, kimenyooka ubavuni mwa bunduki, mbali na triga ya kufyatulia.

"Bado."

"Bado nini? Mbuzi wa watu wale! Akiingia mara hii utatokea mlango gani kanisani?"

Lilikuwa neno zito, na halikuwa mzaha. Baba hakuondoa jicho kwenye darubini. Moyo wangu ulikuwa unapiga kwenye kofia. Nilijua yule si koyote. Nilizijua hatua zile. Nilitaka kupiga kelele na sauti haikuja, ilikwama kama mlango uliovimba kwa maji.

"Mkia," baba akasema polepole, kama anasoma kipimo. "Umeinuka. Koyote hutembea ameushusha." Akakaza jicho. "Na bega liko juu mno. Huyu si yeye."

Akarudisha kufuli ya usalama, akachomoa magazini, akavuta bolti, akachungulia, akaingiza kidole. Akaanza tena. Alikuwa katika mara ya pili mlango wa nyumba ulipogonga na Arne akatoka na tochi, akiita. Mwanga ukapita juu ya theluji, ukamgonga yule mnyama ubavuni, na rangi ya chungwa ikalipuka. Rasti, ambaye alikuwa amefungua mlango wa wavu kwa pua kama alivyozoea, alisimama pale amevaa kizibao changu, anatikisa mkia, ana furaha ya mtu aliyealikwa.

Anko Ngonyani alicheka hadi akamwaga chai. "Jamani! Mhehe, njoo uone! Mboga imevaa koti!"

Hapo sauti yangu ikapatikana yote kwa pamoja. Nililia nikapiga kelele, Kiingereza na Kiswahili vimechanganyika, kwamba wasimle, kwamba nitakula maharage maisha yangu yote, kwamba baba achukue baiskeli yangu auze anunue nyama ya dukani.

Anko alikaa chini kwenye majani kama mtu aliyepokonywa mifupa. Baba aliiweka bunduki mbali, akatambaa hadi nilipo, akanivuta kifuani pamoja na kofia.

"Nani amekuambia nitamla Rasti?"

Nikamwonyesha Anko kwa kidole.

"Mungu wangu," Anko akasema. "Nimemwua mtoto."

Baba hakucheka, na hilo nalishukuru hadi leo, kwa sababu niliona shavu lake linavyotaka. Akanieleza pale pale, juu ya mbuzi. Kwamba zamani Wahehe na Wangoni walipigana sana, tena kweli kweli, kwa mikuki, hadi wakachoka. Walipochoka hawakujua wafanye nini na ule uchungu wote, wakaugeuza matani. Kwamba Anko akimwita mla mbwa na yeye akimwita Anko mla panya, wanaambiana kwamba vita imekwisha. "Huku Marekani watu wote wananisalimia kwa adabu," baba akasema. "Mtu wa kunitukana kwa haki ninaye mmoja tu."

"Basi kwa nini ulimpima?"

"Ili nimjue. Alfajiri mbwa na koyote ni kivuli kimoja. Nilitaka nikimwona kwenye darubini nisije nikamkosea."

Anko alikuwa bado ameinamisha kichwa. Kisha akasogea, mtu mzima yule, akapiga magoti mbele yangu. "Mhehe mdogo, nisamehe. Nitakuambia ukweli sasa. Baba yako hajawahi kula mbwa. Lakini mimi panya nimekula."

"Kweli?"

"Wa porini, wa kuchoma. Mtamu kuliko kuku. Bibi yangu aliwapanga kwenye kijiti." Akapima kijiti hewani kwa mikono, akaongeza kidogo, kisha akapunguza kwa uaminifu. Nikacheka kamasi zikinitoka. Hakuwa na haja ya kuniambia. Alijivua nguo ili mimi nisione baridi.

Koyote alikuja wiki iliyofuata, alfajiri ambayo mimi sikuwepo. Baba alimpiga mara moja tu na risasi ya pili haikuhitajika; mwenzake hakuonekana tena. Arne alichukua ngozi, akatazama pale risasi ilipoingia, akasema si mbaya sana. Anko Ngonyani alimpigia baba kwenye simu yake ya kukunja kuuliza kama ana vitunguu vya kutosha. Safari hii nilicheka kabla ya mama.

Pasaka tulikula mbuzi wetu, sahani za karatasi, watu wamejaa hadi gereji, na baba akatoka na kuingia kanisani kwa mlango mkubwa. Watu wakiwa wameshiba, akasimama akasimulia. Lakini hakusimulia mkia wala bega. Alisema alikuwa amekwisha kuweka kidole kwenye triga, kwamba Ngonyani anamhimiza, kwamba mbwa wa watu alikuwa anakwenda kufa, na ndipo akaona rangi ya chungwa. "Binti yangu ndiye aliyemwokoa," akasema, na watu wakanipigia makofi. Anko, aliyekuwepo na kusikia yote, alipiga makofi kuliko wote.

Nilikuwa mkubwa nilipoipigia hesabu hadithi ile, kisha nikaipiga tena. Katika mwanga ule kizibao kilikuwa kijivu kama theluji. Kidole hakikuwahi kugusa triga. Rasti aliokolewa na futi ya kamba na mtu aliyekubali kufikiriwa mwoga mbele ya rafiki yake kuliko kupiga asichokijua. Mtu asiyependa kipimo cha uongo hata cha tone, alidanganya karamu nzima ili mimi niwe na kitu. Alishikilia hadithi hiyo hadi mwisho. Nilipomkabili, akasema, "Jicho lako lilikuwa limefunikwa na kofia. Ungeona nini?"

Baba amefariki mwaka huu. Siku ya mazishi Anko Ngonyani, mvi kichwa kizima, alisimama mbele ya mlango wa gari la jeneza, akatanua mikono, akasema Mhehe haondoki mpaka mtani alipwe mbuzi wake. Msimamizi wa mazishi, Mzungu mpole, alifikiri kuna deni la kweli akaanza kutafuta meneja. Ndani ya kanisa, watu walipokwisha kusema maneno yao mazuri, Anko akaenda hadi kwenye jeneza, akagonga kifuniko kwa kidole.

"Kamwene, Mhehe. Leo mbwa wote wa Minnesota wamelala mlango wazi."

Watu wakacheka wakilia. Halafu kukawa kimya, kimya kibaya, kwa sababu mzaha ule una sehemu mbili na mwenye sehemu ya pili alikuwa ndani ya sanduku. Anko alibaki amesimama, mkono juu ya kifuniko, anasubiri kama alivyozoea. Niliona bega lake linaanza kushuka.

Nikasimama pale mbele. Nikajibu kwa Kiswahili.

"Anko. Baba ameacha salamu. Anasema mtego wako wa panya utaletewa, usife njaa."

Alinigeukia. Alicheka ile sauti yake yote, ya kuitisha kivuko, hadi machozi yakafika ndevuni, akaja akanishika mikono miwili. "Ahaa," akasema. "Kumbe vita bado imekwisha."

Meza nimeiuza kwa yule Mzungu, bei nzuri. Alipokuwa anaipakia alinyoosha kidole kwenye kizibao, akauliza hicho nacho ni kiasi gani. Nilimwambia hakiuzwi, na nilisikia ajabu mdomoni, kama neno la lugha nisiyoijua. Kisha nilikwenda duka la vyombo vya ujenzi nikanunua mtego wa panya, ule wa mbao wenye waya. Bei ilikuwa imeandikwa. Nikauliza inakuja na nini. Nimeufunga ndani ya kile kitambaa cha shati, unanukia baba, na Jumamosi hii naupeleka Savage, kwa Anko.